Maji ya Mzee wa Dirishani

Uji ulikuwa umeanza kushika chini na Boke hakujua. Alikuwa anakoroga huku amelala. Ndani ya usingizi ule mdogo alikuwa nyumbani Nyamwaga, anapita katikati ya migomba asubuhi, majani yanamdondoshea umande mgongoni. Mbele yake kulikuwa na mtu amebeba ndoo kichwani, anatembea polepole wala hageuki.

"We mama Nyamwaga, unaunguza!"

Akashtuka, akaipua sufuria kwa pindo la kitenge. Wanawake wa jikoni wakacheka kidogo, kicheko cha watu ambao hawajalala. Jiko lenyewe lilikuwa banda la mabati nyuma ya hospitali, mafiga ya kila mtu na kuni zake. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, ukachanganyika na moshi, hata ukimtazama mwenzako unamwona kuanzia kiunoni kwenda juu. Ni kama wote walikuwa wanaelea.

Boke akamimina uji kwenye chupa ya chai, akachukua kikombe na jagi, akaenda wodi ya wanaume.

Mlangoni kulikuwa na geti la nondo, na kwenye geti alikaa mlinzi anaitwa Tomaso. Tangu simu za wagonjwa zilipoanza kuibiwa, kila anayeuguza alipewa kitambulisho cha plastiki chenye namba ya kitanda, kimoja kwa kila mgonjwa, na hakuna kugusa mgonjwa asiye wako. Tomaso aliipenda sheria ile kama vile aliitunga yeye.

"Unamwona nani?"

"Mgonjwa wangu."

"Hata mimi najua huji kuona mbuzi. Jina lake?"

"Yule wa kitanda cha dirishani."

"Jina, dada."

Boke akainua kitambulisho. "Namba si hii hapa?"

"Namba si jina. Ninyi watu wa huku bwana! Unampikia mtu uji kila siku, hujui anaitwaje?"

Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Boke akaangalia chini. Jina alilijua vizuri sana. Tangu alipoolewa hakuwahi kulitamka. Mke wa mtoto halitaji jina la baba wa mume wake, hata akiwa peke yake shambani. Kijijini kulikuwa na mtoto wa jirani mwenye jina hilohilo, na Boke alikuwa anamwita "yule mdogo," mpaka mtoto akazoea, akawa anaitika.

"Pita," Tomaso akasema. "Ila iko siku utalitaja, utake usitake."

Mzee alikuwa amelala chali, uso ameugeuzia dirishani. Fahali alimbana kwenye ukuta wa josho, nyonga ikavunjika na mkono wa kulia pia. Mkono ulikuwa kwenye plasta ngumu. Mguu ulikuwa umenyooshwa kwa kamba iliyopita juu ya chuma cha kitanda, na mwisho wa kamba lilining'inia dumu la maji, kuwa uzito wa kuuvuta. Mzee akikosa usingizi alikuwa anaangalia lile dumu. Jua likilipiga, maji yake yalitupa mwanga unaochezacheza ukutani.

"Tata, umeamkaje?" Boke akasema, akimwita baba kwa Kikurya, akiwa amesimama mbali kidogo, pembeni, asimkabili uso.

"Nimeamka."

Akaweka kikombe cha uji kwenye stuli, upande wa mkono wake mzima, akageuka akatazama mlango. Alisubiri muda mrefu. Alipogeuka tena uji ulikuwa umefanya utando juu. Kikombe cha maji cha jana nacho kilikuwa palepale, kimejaa, na nzi mmoja ndani. Midomo ya mzee ilikuwa imepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka.

Daktari akapita na nesi mmoja. Alikuwa kijana, macho mekundu. Akamvuta mzee ngozi ya mkono, ikabaki imesimama.

"Huyu hajanywa tangu lini?"

"Tangu jana," Boke akajibu.

"Kwa nini?"

"Hataki."

"Dripu zimeisha, hatujui zitakuja lini. Dawa yake leo ni maji, mama. Akiendelea hivi figo zitagoma, na zikigoma, hapa hatuna mashine. Anywe leo. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Daktari akasogea kitanda kingine. Nesi, jina lake Neema, alibaki nyuma kidogo.

"Wewe ndiye ndugu yake? Mpe maji. Akikojoa, mshikie chombo. Akichafuka, muogeshe. Usinisubiri, wodi yote niko peke yangu, na mhudumu wa kiume wamempangia kazi mochwari."

"Nesi, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Yule ni mkwe."

Neema akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Halafu mgonjwa mmoja akaita kwa nguvu, naye akaanza kwenda. "Hapa hakuna mkwe," akasema huku anatembea. "Hapa kuna mgonjwa na anayemuuguza."

Hakusema kwa ubaya.

Basi Boke akabaki ameshika jagi. Wakurya wana neno, insoni. Ni aibu, lakini si aibu ya mtu aliyefanya kosa. Ni aibu inayokaa kati ya mzee na mke wa mwanawe kama ua wa miiba, wote wawili wanaulinda. Boke hawezi kumwona utupu wake. Binti zake mwenyewe hawawezi, hata Sylvester mwanawe, mume wa Boke, ingemuwia vigumu. Anayeweza ni mke, lakini mama mkwe alishafariki. Au mtu wa rika lake. Siku za mwanzo alikuwepo rafiki yake waliyetahiriwa naye msimu mmoja, ndiye aliyekuwa anamshikia chombo, wanataniana mpaka wodi nzima inacheka. Jana asubuhi akaitwa msibani. Tangu alipotoka kwenye mlango ule, mzee hakuweka kitu mdomoni.

Maana alikuwa amepiga hesabu yake. Asipokunywa, hakuna kitakachotoka. Kisipotoka kitu, mke wa mwanawe hatalazimika kumfunua. Alikuwa anamlinda Boke, na alikuwa anakufa kwa kumlinda.

Boke akapiga simu ya Sylvester, aliyekwenda kuchimba dhahabu mbali. Ikasema haipatikani. Akapiga nyumbani, shemeji akasema tutaona, barabara imeharibika kwa mvua, labda kesho.

Mchana jua lilitoka, ukungu ukaondoka, na hospitali ikawa na ule ukimya wa watu wengi waliochoka. Mashuka yalikuwa yameanikwa kwenye nyasi. Boke alikaa chini ya ukuta wa bomba, na usingizi ukawa unamjia na kuondoka kama mtu anayechungulia mlangoni. Alimsikia mzee kupitia dirishani akiongea na ng'ombe. Alikuwa anawaswaga, anawapeleka mtoni, anawaambia wanywe taratibu, mto ni mkubwa. "Kunywa, mwekundu wangu. Kunywa wewe. Mimi nitasubiri." Boke hakujua kama amelisikia au ameliota.

Alipofumbua macho vizuri, mwanaume mmoja alikuwa bombani anafua khanga. Alikuwa anazishika kwa ncha za vidole, uso ameupeleka pembeni.

"Kaka, hizo unazifua au unazibembeleza?"

Mwanaume akageuka. Kucha zake zilikuwa na saruji iliyogoma kutoka. "Dada, niache tu. Hizi ni za mama yangu."

"Anaumwa nini?"

"Kiharusi. Upande mmoja wote umekufa. Sisi tumetoka Manchira, kule Serengeti." Akakamua khanga, akaikamua tena wakati ilishakauka. "Alikuwepo binti wa kitanda cha jirani, anamwogesha pamoja na mama yake. Juzi wameruhusiwa. Dada zangu wako mbali. Nikimfunika, mama analia. Nikitaka kumfunua, nalia mimi."

Boke akacheka, halafu akaziba mdomo. Haikuwa ya kuchekesha. Yule mwanaume naye akacheka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jina lake Deus, fundi wa kujenga. Boke akamweleza habari za mzee, tangu josho mpaka kikombe chenye nzi.

"Sasa mimi kwa huyo mzee wako nitakuwa nani?"

"Wewe si mtu."

"Asante sana."

"Sikiliza kwanza! Maana yake si mtoto wake, si mkwe wake. Ukiingia ukamwita babu, umekuwa mjukuu. Mjukuu hana aibu na babu yake."

Deus akafikiri huku anakwangua saruji kwenye kucha. "Na wewe kwa mama yangu?"

"Mimi ni mwanamke mwenzake. Nitamwita mama."

"Na huyo askari wa getini?"

Boke akavua kitambulisho shingoni. "Anatazama plastiki, hatazami mtu." Alijua si kweli kabisa. Tomaso alikuwa anawatazama sana watu. Lakini saa ile alikuwa amekwenda kula, na getini alikaa mwenzake aliyekuwa anasinzia. Wakabadilishana. Deus akachukua jagi.

Boke alisimama kwenye baraza, nje ya dirisha, asikie tu kwanza.

"Shikamoo, babu."

Ikaja sauti kavu, "Marahaba. Wewe nani?"

"Mjukuu wako."

"Mjukuu wangu wa wapi?"

"Wa Serengeti. Ujana wako ulipita kule, au umesahau? Bibi bado anakuulizia."

 Boke akashika nondo za dirisha.

"Huyo bibi yako," mzee akasema, "ana mwanya?"

"Anao mpaka leo."

"Basi mwambie nimevunjika nyonga, asije akanitegemea." Kitanda kikalia. "Leta hicho kikombe, mume mwenzangu. Nina kiu ya kumaliza mto."

Boke akamsikia akinywa. Kikombe, pumzi, kikombe kingine. Ni kama yalikuwa yanashuka kooni kwake yeye. Akaondoka kwenye dirisha taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Akaenda wodi ya wanawake na kitambulisho cha Deus. Mama yake Deus aliitwa Kezia. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, uso umevutwa upande mmoja, na jicho moja linalofuatilia kila kitu. Boke akavuta pazia la magurudumu, akaweka beseni la maji ya vuguvugu.

"Mama, mimi naitwa Boke. Nimetumwa na kijana wako."

Jicho likamtazama. Boke akaanza na uso, akashuka shingoni, akainua mkono uliokufa na kuuosha chini, vidole kimoja kimoja. Maji yalikuwa yanatoa mvuke mdogo. Nje njiwa alikuwa analia juu ya bati, sauti ileile, ileile. Boke akamgeuza, akamfuta mgongo, mahali palipoanza kuwa pekundu akapapaka mafuta. Akawa anamwimbia kwa sauti ya puani bila kujua, wimbo wa kubembelezea watoto, na mikono yake ikawa inafanya kazi peke yake, mbali, kama mikono ya mtu mwingine chini ya maji. Kwa muda ule hospitali haikuwepo.

Kezia akasema kitu. Maneno yalitoka yamepinda. Boke akainama.

"Ma... ziwa," Kezia akasema. "Wewe... mikono... ya maziwa."

"Nakamua ng'ombe, mama. Ndiyo maana."

Upande mmoja wa uso ukatabasamu, ule mwingine ukabaki umelala.

Alipotoka kumwaga maji machafu, aliona jagi lake limesimama bombani peke yake. Maji yalikuwa yamelijaza, yanamwagika pembeni. Akalijua jambo kabla hajaambiwa.

"Yule kaka aliacha jagi lijae, aliporudi ndani akakamatwa," mwanamke mmoja aliyekuwa anafua akasema. "Tomaso amemkuta na kitambulisho si chake. Amekichukua, amemtoa wodini kwa kumshika ukosi. Anamwita mwizi wa simu."

Boke akakimbilia dirishani. Mzee alikuwa amefumba macho, jasho limemtoka kwenye paji la uso. Mkono wake mzima umeshika shuka umelikunja. Chini ya kitanda lilikuwepo dumu la mafuta ya kula lililokatwa mdomo, kavu. Maji yote yale sasa yalikuwa yanataka njia.

"Mjukuu yuko wapi?" mzee akauliza, bila kufumbua macho.

"Anakuja, tata."

"Afanye upesi."

"Nesi!" Boke akaita ndani. Neema alikuwa mwisho wa wodi, amepiga magoti sakafuni na majeruhi wa ajali ya pikipiki, glavu zake nyekundu. Hakuinua hata kichwa.

Ndipo kengele ya saa ya kuona wagonjwa ikalia. Saa ile vitambulisho havihitajiki, anaingia yeyote. Watu wakaanza kumiminika na mabakuli yao na ndizi zao, wamevaa vizuri kwa ajili ya kuona wagonjwa. Boke akapita katikati yao kuzunguka mpaka getini. Deus alikuwa amefika kabla yake, amesimama mbele ya Tomaso, kola ya shati imechanika.

"Ni saa ya kuona wagonjwa," Deus alikuwa anasema. "Nami nimekuja kuona."

"Kumwona nani?"

"Babu."

"Babu yako anaitwa Babu?" Watu wakacheka. Tomaso akanogewa. "Mjukuu gani hajui jina la babu yake? Taja jina upite. Ukishindwa, naita polisi, maana mwizi wa simu tumemtafuta sana."

Deus hakulijua. Hakuwahi kumuuliza Boke. Macho yake yakazunguka, yakampata.

"Na huyu hapa mwenzake," Tomaso akasema. "Dada, huyu ni mtu wenu?"

"Ndiyo. Mwache apite, kaka. Mzee amezidiwa."

"Basi mtaje. Mmoja wenu amtaje huyo mzee."

"Nipe kalamu niandike."

"Hapa si shule. Sitaki maandishi, nataka mdomo."

Kulikuwa na watu wengi, na wote walikuwa wamenyamaza kusikiliza. Kutoka getini mpaka kitanda cha dirishani si mbali. Dirisha lilikuwa wazi. Boke akaona kama amesimama tena kwenye ule ukungu wa asubuhi, hana miguu, na mdomo wake ni wa mtu mwingine. Alifikiria ua wa miiba. Akafikiria mkono uliokunja shuka. Ua una upande mkubwa na upande mdogo, na leo ilibidi avunje ule mdogo, wa jina, ili ule mkubwa usimame.

"Nashoni," akasema.

"Sijasikia."

"Nashoni!" Sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, ikapanda juu ya vichwa vya watu, ikagonga bati. "Nashoni Nchagwa! Nashoni Nchagwa wa Nyamwaga!"

Mwanamke mmoja wa Kikurya aliyekuwa nyuma, amebeba hotipoti, akaweka kiganja mdomoni. Alikuwa ameelewa. Tomaso hakuelewa kitu. Alifurahi tu.

"Si ungesema tangu asubuhi," akasema, akafungua geti.

Deus akapita mbio. Boke hakuingia. Miguu ilimrudisha barazani, chini ya dirisha, akakaa mgongo umeegemea ukuta. Ukuta ulikuwa bado na joto la jua.

"Babu, nimerudi."

"Ungechelewa kidogo ungenikuta naogelea."

Pazia la magurudumu likalia. Halafu ikaja sauti ya maji yakigonga plastiki, kwanza kwa kukatakata, halafu moja kwa moja, ndefu, bila haraka, kama fahali zizini alfajiri. Boke akafumba macho. Machozi yalimtoka, naye alikuwa anacheka.

"Babu, hii ni masika," Deus akasema.

"Nyamaza ushike vizuri."

Ikaisha. Yakasikika maji ya beseni, na kitambaa kinachokamuliwa. Kisha mzee akasema, sauti ameipandisha kidogo, kama anaongea na mtu aliye mbali zaidi ya Deus:

"Kuna mtu ameita jina langu huko mlangoni."

Boke akajikunyata ukutani.

"Labda ni nesi, babu."

"Nesi huniita kitanda cha dirishani." Akakohoa. "Ukimwona huyo aliyeita, mwambie masikio ya mzee yameshachakaa. Sijasikia kitu."

"Nitamwambia."

"Haya. Sasa leta maji mengine."

"Babu, kengele inakaribia. Nikitoka leo yule bwana hanirudishi. Kitambulisho kiko mfukoni mwake."

"Nimesema leta maji."

Na kweli, kengele ikaanza kulia pale pale, Tomaso anagonga ile rimu ya gari iliyotundikwa mlangoni. Watu wakaanza kutoka na mabakuli matupu. Boke akainuka, akalichukua jagi, akaenda bombani. Maji yalikuwa yanatoka uzi mwembamba jioni ile.

"Muda umekwisha! Wote nje! We dada wa dirishani, nakuona!"

Akamwaga yale yaliyokuwemo, akasuuza jagi, akaliweka chini ya ule uzi. Kengele ikalia, ikalia. Alisubiri mpaka maji yakafika ukingoni kabisa. Halafu akalinyanyua kwa mikono miwili, akaanza kutembea kuelekea getini, polepole, asimwage hata tone, wala hakugeuka.